Walimu wa mawasiliano chuoni: wanafundisha nini, wanatafiti nini, na we unampataje wa kukusimamia (maswali yanayoulizwa kila mara)

Kila vyuo vikifunguliwa wasap yangu inajaa maswali yaleyale, kwahiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja. Nimesoma mawasiliano digrii ya kwanza na ya pili hapa Dar, halafu nikakaa miaka mitatu mkufunzi msaidizi, manake nimewahi kuwa upande wa anayesubiri kujibiwa imeili na upande wa asiyejibu. Mifano mingi ni ya Tanzania, Kenya na Uganda zinaingia palipo na tofauti. Kama umekuja kwa ajili ya supavaiza tu, shuka sehemu ya tatu, ila ukikwama utarudi huku juu.

## Ya kuanzia

Mawasiliano si ndo uandishi wa habari?

Hapana, japo hata wazazi wetu wanaamini hivo ("lini tutakuona kwenye taarifa ya saa mbili?"). Uandishi wa habari ni chumba kimoja tu kwenye nyumba kubwa. Kuna uhusiano kwa umma, utangazaji, mawasiliano ya afya, mawasiliano kwa maendeleo, ya siasa, ya ndani ya mashirika, mawasiliano ya mtu na mtu, ya tamaduni tofauti, sheria na sera za habari, na siku hizi mambo ya mitandao ambayo yameingia kila chumba.

Njia rahisi ya kuipanga hiyo nyumba kichwani ni ya Mmarekani mmoja, Harold Lasswell, aliyeandika 1948 kwamba ukitaka kuelewa tukio la mawasiliano jiulize nani, anasema nini, kwa njia gani, anamwambia nani, na kunatokea nini. Chukua tangazo la kipindupindu mtaani kwenu. Diwani kakodi gari, spika mbili juu, "wananchi mnatangaziwa chemsheni maji ya kunywa", mama lishe anasikia huku anageuza chapati. Anayetafiti nani analipia lile gari na kwa nini yeye ndo mwenye sauti, yuko kwenye "nani". Anayechambua maneno ya tangazo yuko kwenye "nini". Wa spika dhidi ya redio dhidi ya wasap yuko kwenye "njia". Anayekaa na yule mama lishe kumuuliza kaelewa nini yuko kwenye "nani anaambiwa". Na anayerudi wiki ya pili kuona kama kweli maji yanachemshwa, huyo ni wa "kunatokea nini". Profaili ya mwalimu yeyote ukiisoma hivo haikupi shida.

Kasoro yake inajulikana: imekaa kama vile maneno yanakwenda upande mmoja tu. Mama lishe nae ana mdomo, anaweza kusema "hao si wanataka kutufungia biashara tu" na wateja wake wote wakaondoka na hiyo. Walimu wanaopenda upande huo wa mpokeaji kutafsiri kivyake wengi utawakuta wanamtaja Stuart Hall, Mjamaika aliyefundisha Birmingham Uingereza miaka ya 60 na 70.

Kwa nini chuo kimoja kinaita "uandishi wa habari na mawasiliano ya umma" na kingine "mawasiliano" tu?

Ni historia, na hiyo historia inakwambia walimu wa pale wataegemea wapi. Shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza kama chuo cha kufundisha waandishi, TSJ (Tanzania School of Journalism), mwaka 1975, ikaingizwa chuo kikuu 2003. Nairobi nao walianza na shule ya uandishi wa habari 1970. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Mwanza, mizizi yake ni chuo cha Nyegezi cha mwaka 1960, ikawa chuo kikuu 1998. Makerere programu yao ilianza 1988. Kwa kifupi huku kwetu wengi tumeanzia kwenye kumpika mwandishi, utafiti ukaja baadae.

Marekani ni hadithi tofauti kabisa. Mwaka 1914 walimu 17 wa kufundisha kuongea mbele za watu walijitenga na chama cha walimu wa Kiingereza wakaanzisha chama chao. Kwahiyo idara nyingi za kule zimetokana na hotuba na midahalo, gazeti lilikuja kwa mlango mwingine. Hili litakuhusu sana kama unawaza kwenda kusoma huko, soma swali la mwisho.

Mbona mwalimu wa uandishi wa habari hajawahi kufanya kazi chumba cha habari hata siku moja?

Hili linaulizwa kwa hasira na naelewa. Ila chuo kikuu kinapandisha watu vyeo kwa digrii na machapisho, hakiangalii umefukuzana na habari miaka mingapi. Mhariri mwenye miaka 20 ya kazi na digrii moja hawezi kuajiriwa mhadhiri, ataletwa kama mwalimu wa muda wa kozi za vitendo. Matokeo yake kuna walimu wanaojua nadharia zote na hawajawahi kupigiwa simu na mhariri saa nne usiku, na kuna mabingwa wa kazi ambao ukiwauliza sampuli yako iwe kubwa kiasi gani wanacheka. Unawahitaji wote. Kwa tasnifu lakini, mfuate wa kwanza.

Ile orodha ya "maeneo ya utafiti" kwenye profaili inamaanisha nini?

Hapa ndo wengi wanaangukia pua. Mwanafunzi anaona "mawasiliano ya afya, jinsia na vyombo vya habari, mitandao ya kijamii, siasa, mabadiliko ya tabianchi" anasema huyu ndo wangu, yumo kila mahali. Sikiliza: ile orodha si menyu ya hotelini. Mara nyingi imeandikwa siku mtu alipoajiriwa au siku idara ilipokuwa inasasisha tovuti kwa haraka, na haijaguswa tangu hapo. Humo mna aliyoyafanya, anayoyafanya, anayotamani kuyafanya, na moja mbili aliyoyaweka kwasababu ndo yenye hela za wafadhili mwaka ule.

Ninachofanya mimi: naiacha orodha, natafuta vitu vitatu. Makala zake tatu nne za karibuni (Google Scholar inatosha, panga kwa mwaka). Kozi anayoifundisha kila mwaka bila kubadilishiwa. Na tasnifu alizosimamia, ambazo ziko kwenye hazina ya mtandaoni ya maktaba ya chuo, jina la msimamizi liko kurasa za mwanzo. Vitu vitatu vikikubaliana, hilo ndo eneo lake kweli. Kama profaili inasema tabianchi na hamna makala, hamna kozi, hamna mwanafunzi, basi tabianchi ni ndoto yake, na we huwezi kusimamiwa na ndoto.

Anachofundisha ndo anachotafiti?

Si lazima. Walimu wachanga wanapewa kozi zilizobaki, mimi mwenyewe nilifundisha semina za sheria za habari na sikuwa nimefungua kitabu cha sheria tangu mwaka wa pili, nilikuwa nasoma usiku nafundisha asubuhi, wanafunzi wakidhani nimebobea kumbe tofauti yetu ni masaa kumi tu. Ila kozi ya chaguo ya mwaka wa tatu au ya masters, yenye jina refu la ajabu, hiyo mtu kaitunga mwenyewe na ndo moyo wake ulipo.

## Maeneo yenyewe, moja moja

Mawasiliano ya afya wanatafiti nini zaidi ya mabango?

Wanatafiti kama maneno yanabadilisha maisha ya watu na kwa njia gani. Mfano ambao kila mwalimu wa eneo hili duniani anaujua ni wa hapahapa Tanzania, na inaniuma kwamba wanafunzi wetu wengi wanausikia mara ya kwanza kwenye makala za Wamarekani. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Dereva wa lori Mkwaju, mwanaume wa kila kituo, mkewe Tunu nyumbani, uzazi wa mpango na ukimwi vikiwa ndani ya hadithi bila mahubiri. Sasa uzuri ulikuwa kwenye mpango wa utafiti: kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo miaka miwili ya mwanzo, muda ule kiliweka vipindi vyake. Kwahiyo watafiti, Everett Rogers akiwemo, walikuwa na eneo lililosikia na eneo ambalo halijasikia, nchi moja, miaka ileile, lugha ileile. Waliosikia walitumia uzazi wa mpango zaidi kuliko Dodoma, na Dodoma ilipoanza kurushiwa 1995 nako kukapanda. Matokeo yalichapishwa 1999.

Ona kilichofanya kazi pale: si kwamba walipata pesa nyingi za dodoso, ni kwamba walikuwa na pa kulinganishia. Ukimwendea mwalimu wa afya na mada ya "athari za redio kwa wanawake wa Temeke", swali lake la kwanza litakuwa utalinganisha na nini. Jiandae nalo.

Mawasiliano kwa maendeleo ni yaleyale ya afya?

Ni binamu. Haya yanauliza zaidi nani anashiriki kuamua. Wazee watakukumbusha Mtu ni Afya ya 1973: redio inasoma, wanakijiji kama milioni mbili wamekaa vikundi na vitabu vyao wanajadili, halafu wanatoka wanachimba vyoo. Bila kikundi redio ingebaki redio. Walimu wa eneo hili wanapenda redio jamii, wakulima, simu vijijini, na wanachukia neno "kuelimisha wananchi" likikaa kana kwamba wananchi hawana kitu kichwani. Ukiandika hivo kwenye propozo utaona kalamu nyekundu.

"Upangaji ajenda" na "fremu" ni nini, mbona kila tasnifu inazo?

Kwasababu ni rahisi kuanza nazo, ndo ukweli. Upangaji ajenda ulipata jina kwenye utafiti wa uchaguzi wa Marekani wa 1968 huko Chapel Hill: McCombs na Shaw waliwauliza wapigakura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua watampigia nani, kwamba unaona mambo gani ni makubwa, halafu wakahesabu habari za vyombo vinavyofika eneo lile zimepa uzito mambo gani. Orodha mbili zikafanana sana. Makala ikatoka 1972. Yani vyombo huenda visikwambie ufikiri nini, ila vinakupa cha kufikiria.

Fremu ni hatua nyingine: jambo lilelile limewekwa kwenye dirisha gani. "Machinga waondolewa" na "Barabara zasafishwa" ni asubuhi moja, mtaa mmoja, magazeti mawili.

Tatizo ni wanafunzi kuchukua nadharia kama shati la kuazima. Ukisema unatumia upangaji ajenda lazima uwe na orodha mbili, ya vyombo na ya watu. Ukihesabu vichwa vya habari vya Mwananchi na Nipashe miezi mitatu bila kumuuliza mtu hata mmoja, umefanya uchambuzi wa maudhui, ni kazi halali kabisa ila usiipe jina la mwenzake.

Na wale wa retorika? Huku wapo?

Wapo wachache, na wengi wamejificha idara za Kiswahili na fasihi. Retorika ni sanaa ya kushawishi kwa maneno, na kama kuna watu wana mali ghafi ya hili ni sisi. Hotuba za Nyerere, mawaidha, ngonjera, mipasho ya taarabu. Chukua khanga: mji, pindo na jina. Mwanamke kanunua doti, jina linasema "sisi sote abiria dereva ni Mungu", anaivaa kawaida tu kwenda sokoni. Mwingine kachagua yenye jina la kumchoma wifi, anaivaa siku wifi kaja, hasemi neno, anampa chai. Ujumbe umefika, na akiulizwa anasema "aa hii si khanga tu". Nani msemaji hapo, aliyeivaa, aliyeiuza au kiwanda? Ukimpelekea hilo mwalimu mwenye masikio hatalala.

Wa siasa je?

Kura, kampeni, midahalo, propaganda, na nani anamsikiliza nani. Utafiti wa zamani ulio hai mpaka leo ni wa Lazarsfeld na wenzake wa uchaguzi wa 1940, kaunti ya Erie, Ohio. Walitarajia redio na magazeti yawageuze watu, wakakuta waliogeuzwa ni wachache, wengi wanasikiliza watu wao wa karibu wanaofuatilia habari. Kijiwe cha kahawa kabisa. Mzee mmoja ndo kasoma gazeti, kumi na tano wamesoma mzee.

Mitandao na dijitali si ndo rahisi kwa sasa?

Inaonekana rahisi kwasababu data iko mkononi. Lakini mada za "matumizi ya Instagram kwa vijana" walimu wamezisoma mpaka zinawatoka puani. Waliobobea wanaangalia vitu vyenye nyama: sheria (Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilizowataka wenye blogu na chaneli wawe na leseni) na jinsi zilivyobadilisha wanachoandika watu, au uzushi unavyosafiri kwa sauti za kurekodi, au biashara za kwenye vikundi vya wasap. Kuna pia ishu ya idhini, nenda swali la kikundi cha familia huko chini.

Uhusiano kwa umma na mawasiliano ya mashirika?

Ajira nyingi, machapisho machache. Wanatafiti taasisi inaongeaje wakati wa janga, na tetesi za ofisini zinazaliwaje. Ukiwa na kazi tayari na shirika lako linakuruhusu kukusanya data ndani, hapa ndo utamaliza mapema kuliko wenzako.

## Supavaiza

Nianze na mada au nianze na mtu?

Anza na swali lako, hata kama bado bayabaya, halafu tafuta mtu wa karibu na hilo swali, halafu mwache mtu aligeuze kidogo. Ukianza na mtu tu utaishia kufanya kipande cha mradi wake. Si vibaya, hasa kama kuna hela ya fildi, ila ujue ndo umechagua hivo.

Kuna kitu kingine kinasahaulika: mbinu. Mwalimu wa takwimu na mwalimu wa kukaa na watu na kusikiliza hadithi zao wanaweza kuwa wote "mawasiliano ya afya" na wakawa kama Simba na Yanga. Mimi mada na msimamizi wangu vilikubaliana kabisa, mbinu hazikukubaliana, nikapoteza miezi mitano nikitengeneza dodoso ambalo mwishoni hatukulitumia. Angalia makala zake: kuna majedwali au kuna nukuu za watu? Jibu unalo.

Profesa mkubwa au dokta aliyerudi juzi?

Ngazi zetu zinakwenda mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Profesa jina lake linafungua milango na barua yake ina uzito, ila ana vikao, ana kamati, ana safari. Dokta mpya anasoma kila ukurasa na anajibu usiku, kwasababu nae anahitaji mwanafunzi wa kwanza amalize. Kwa masters ningeenda kwa dokta mpya bila kufikiri mara mbili. Kwa PhD omba wawili, mmoja mmoja wa kila aina, vyuo vingi vinaruhusu.

Namwandikiaje mara ya kwanza?

Nimewahi kusoma imeili ya aina hii, nakaribia kunukuu: "Shikamoo Dokta, pole na majukumu, natumai u mzima, mimi ni mwanafunzi wako, naomba unisaidie topiki." Basi. Hakuna jina, hakuna programu, topiki yenyewe anaombwa yeye aitoe. Adabu iko sawa, kazi haipo.

Shikamoo iweke, haijawahi kumharibia mtu (kwa Nairobi "Habari Daktari" inatosha, shikamoo inaweza kumfanya ajione kazeeka). Halafu sentensi moja we ni nani na uko programu gani. Moja ya makala yake uliyoisoma na kitu kimoja mahususi humo, sio "nimeipenda sana". Mbili tatu za swali lako, wapi na kwa nani. Ya mwisho iombe kitu kidogo, dakika 20 ofisini wiki ijayo. Usimtumie propozo ya kurasa 30 ambayo hajaiomba.

Hajibu. Nifanyeje?

Wiki mbili, kumbusha kwa heshima, hapohapo chini ya imeili ya kwanza. Kimya tena, nenda ofisini saa za kuonana na wanafunzi, saa zimebandikwa mlangoni. Kimya ya tatu ni jibu, muone mratibu wa masomo ya juu akupe mwingine. Usimpigie simu Jumapili. Usimtumie mtoto wa dada yake.

Amerudisha propozo kaandika "pana mno". Nikate wapi?

Yangu ya kwanza ilikuwa "Nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo ya Tanzania". Ilirudi na alama ya kuuliza juu ya kila neno: nafasi? vyombo vipi? maendeleo gani? Tanzania yote? Nilikaa kwenye kimbweta nikataka kulia. Toleo la nne likawa jinsi wavuvi wa Kunduchi wanavyotumia taarifa za hali ya hewa za redio kuamua kutoka au kutotoka baharini. Kumbe alikuwa ananiuliza tu maswali ya Lasswell. Jibu kila alama ya kuuliza kwa kitu unachoweza kukigusa, kata mpaka kazi iingie kwenye miezi na nauli ulizonazo.

Naweza kuandika tasnifu ya mawasiliano kwa Kiswahili?

Idara za Kiswahili ndiyo, idara za mawasiliano kwa kawaida ni Kiingereza. Data zako lakini zitakuwa Kiswahili, na hapo pana mtego. Ukimuuliza mtu "unaviamini vyombo vya habari?" anaweza kujibu kuhusu imani kama imani. Tafsiri dodoso, mpe mtu mwingine alirudishe Kiingereza bila kuona la mwanzo, linganisha. Na nukuu za watu ziache kwa Kiswahili kwenye tasnifu, tafsiri iwe chini yake, manake msomaji wako mzuri kuliko wote ni yule atakayegundua umetafsiri vibaya.

Kibali cha utafiti nakipata wapi?

Tanzania mwanafunzi wa chuo anaanza na barua ya chuo chake, inakwenda mkoa, wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kata ambae ndo atakayekuuliza maswali mengi kuliko wote. Mgeni anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake, usiende na barua ya bara ukadhani imeisha. Kenya ni leseni ya tume yao ya sayansi, NACOSTI, Uganda unapita kamati ya maadili halafu baraza lao la sayansi, UNCST. Anza mapema, kibali hakijui tarehe yako ya kuwasilisha.

## Kona za ajabu

Idara nzima hamna mtu wa mada yangu.

Tafuta wa mbinu ndani ya idara na wa mada nje, awe msimamizi wa pili. Wa khanga anaweza kutoka fasihi, wa wavuvi akatoka sayansi za bahari. Iombe kwa maandishi kabla hujasajili mada.

Supavaiza kaenda masomoni au kastaafu katikati.

Inatokea sana. Toka siku ya kwanza kila mkikutana andika mlichokubaliana, mistari mitano, mtumie kwa imeili. Akiondoka, atakayempokea anaona njia mliyopita. Bila hivo mpya atakurudisha sura ya kwanza, na wengi wanafanya hivo kwa raha kabisa.

Anataka jina lake kwenye makala yangu.

Inategemea alichofanya. Kama alisaidia kuunda swali, mbinu, akahariri kwa kina, jina la pili ni haki yake na ndo desturi. La kwanza ni lako, kazi ni yako. Kama hajasoma hata muhtasari, hilo ni jambo la kuzungumza mapema, ukiwa bado unaandika sura ya pili, sio siku ya kutuma kwa jarida. Na akikwambia lipia jarida fulani linachapisha ndani ya wiki moja, kimbia, jarida makini halihakiki makala kwa wiki moja.

Nataka kutafiti kikundi cha wasap cha ukoo wetu. Si nimo ndani tayari?

Umo kama mtoto wa ukoo, hujaingia kama mtafiti. Shangazi alipotuma ile sauti ya kulalamika kuhusu michango ya harusi hakuwa anakutumia wewe na kamati ya maadili. Omba idhini kikundini, ruhusu mtu kusema ya kwangu usitumie, ficha majina na namba, na kumbuka kwenye ukoo hata ukificha jina kila mtu atajua ni shangazi yupi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019. Rafiki yangu mmoja aliishia kubadilisha kikundi kizima, akahamia cha wafanyabiashara asiowajua, na tasnifu ikawa nzuri zaidi.

Naomba PhD nje. Maeneo ya walimu yanasomwa vilevile?

Kwa kusoma makala zao, ndiyo, fanya kama swali la orodha ya profaili. Mengine yanatofautiana. Uingereza wanataka propozo kamili mwanzoni, kwahiyo lazima umpate mtu anayelingana nayo kabisa. Ujerumani unamfuata profesa mmoja na karibu kila kitu kinapita kwake. Marekani unaomba idara, barua yako ya malengo inataja walimu wawili watatu, na tasnifu inakuja baada ya miaka ya kozi, kwahiyo usijifunge kwenye mada moja.

Marekani kuna kitu hawakwambii. Ufadhili mara nyingi ni wa kufundisha, na kozi unayopewa kufundisha ni ile iliyozaa fani kule, kuongea mbele za watu (wale 17 wa 1914). Jamaa yangu kaenda kusomea redio jamii, wiki ya pili yuko mbele ya vijana 24 wa miaka 18 anawafundisha jinsi ya kufungua hotuba, kwa Kiingereza chao, wao ndo wanamsahihisha matamshi. Alinitumia sauti usiku anacheka na kulia. Mwaka uliofuata aliomba kozi ileile tena.